Wana wa Wakulima Waliozama na Khedive Ismail

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, yapata saa nane na nusu mchana, merikebu iitwayo Khedive Ismail ilizama katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldivi. Ilikuwa na watu 1,511. Waliookoka ni 214 tu. Tangu kupigwa mpaka kufunikwa na maji hazikutimia dakika tatu, hata aliyekuwa vyumba vya chini hakuwahi kuifikia ngazi. Katika watu hao, 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari weusi na maafisa wao wa Kizungu. Walitoka Kilindini, Mombasa, tarehe 5 ya mwezi ule ule.

Ndugu msomaji, merikebu hiyo ilitoka katika bandari yetu, na sisi watu wa pwani ni hodari wa kuhadithia habari za vyombo vilivyozama tangu enzi za mababu. Lakini waulize vijana kumi wa Mombasa au Tanga habari ya Khedive Ismail, utaona wangapi watakujibu.

Jina hilo ni la mtawala wa Misri, mjukuu wa Muhammad Ali, ambaye katika zama zake Mfereji wa Suez ulifunguliwa, mwaka 1869. Merikebu yenyewe iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya watu wa Chile, ikaitwa Aconcagua. Baadaye ikanunuliwa na kampuni ya Misri na kupewa jina la Khedive. Vita vilipokuja Waingereza wakaitwaa kuchukulia askari.

Ama askari wenyewe, wengi walikuwa wana wa wakulima wa bara. Huku Majimoto ninakosomesha, katika nchi ya Wapimbwe, wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima wa mpunga na mahindi. Maji wayajuayo ni ya mito, na ya chemchemi ya moto iliyoupa mji huu jina. Nikiwafasiria aya zinazotaja merikebu na mawimbi huniuliza kama bahari ni kubwa kuliko Ziwa Rukwa. Nami huwatazama nikawakumbuka wale wa mwaka 1944. Kijana wa nchi kama hii zamani zile alikuwa na jembe lake na shamba la baba yake. Reli ya Mpanda ilikuwa bado kujengwa (ilikuja baada ya vita, kwa sababu ya madini ya risasi), basi safari ya kwenda jeshini ilianza kwa miguu. Watanganyika walioingia katika vita vile walipita 80,000. Wako waliotaka wenyewe, kwa mshahara au kwa tamaa ya kuona dunia, na wako waliotolewa na wakubwa wao bila ya kuulizwa. Wakafundishwa mizinga, wakapelekwa pwani, wakapandishwa merikebuni. Huenda wengi wao bahari waliiona kwa mara ya kwanza pale Kilindini, na wiki ya pili ikawa ndiyo kaburi lao.

Msafara ulikuwa wa merikebu tano za kuchukua watu, zikilindwa na manowari, na safari ilikuwa ya Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Vita vya Burma vilikuwa vinawangoja wana mizinga. Katika Khedive Ismail walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, na wanawake zaidi ya sabini, wengi wao wauguzi. Mchana ule watu walikuwa wamekusanyika ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Wajapani, I-27, ikaipiga merikebu kwa topedo mbili. Merikebu zilizobaki zikatawanyika upesi, kama zilivyoamrishwa, na manowari mbili, Paladin na Petard, zikarudi kwenye watu waliokuwa wakielea.

Hapa ndipo palipo na jambo zito. Paladin ilishusha mashua ikaanza kuokoa watu. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini, na chombo cha kusikilizia kikaonyesha kuwa iko pale pale penye waogeleaji. Petard ikaingia kati yao ikatupa mabomu, yale yanayopasuka ndani ya maji. Mtu aliye majini bomu kama hilo likipasuka karibu yake hasalimiki. Basi waliokuwa wameponea topedo za adui wakauawa na mabomu ya wenziwao, nao wameinua mikono wakidhani manowari imekuja kuwachukua. Mabomu yalipozidi nyambizi iliibuka, wakapigana nayo muda mrefu, mpaka topedo ya Petard ikaizamisha.

Je, lilifaa tendo lile? Waandishi wa Kizungu wameligeuza sana swali hili, na wengi husema nahodha hakuwa na hila: angeiacha nyambizi ingezifuata merikebu nne zilizobaki, zote zimejaa watu. Lakini swali hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), amelitaja katika kitabu chake Al-Mustasfa, katika masuala ya tatarrus, yaani adui kujikinga kwa mateka wa Kiislamu. Anasema kuwapiga hao ili kumfikia adui huenda kukafaa kwa masharti matatu: iwe dharura, iwe yakini, na iwe ni kwa kuokoa umma wote. Kisha akatoa mfano, na ajabu ni kuwa mfano wake ni wa merikebu. Watu wamo chomboni, chombo kinazama, na mmoja wao akitupwa majini waliobaki wataokoka. Ghazali anasema haifai kumtupa, hata kwa kupiga kura, kwa kuwa walio chomboni ni watu wa idadi maalumu, si umma wote.

Kwa mizani hiyo dharura ilikuwapo. Yakini haikuwa kamili, maana chombo cha kusikilizia hakimwonyeshi mtu nyambizi kwa macho. Na sharti la tatu halikupatikana, kwani watu wa merikebu nne, japokuwa ni wengi, si umma. Mimi naona halikufaa. Hayo nayasema juu ya tendo. Ama nahodha, ambaye alipewa dakika chache kuamua jambo ambalo mimi nimelifikiri miaka, simlaani.

Katika waliokufa walikuwamo Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Mwislamu aliyekufa kwa kughariki ni katika mashahidi wa Akhera. Asipopatikana, husaliwa sala ya ghaibu, na sala hiyo ni haki yake kwa watu wa mji wake. Lakini nyumba nyingi za bara ziliambiwa tu kuwa mtu wao amepotea, na neno kupotea katika sharia ni zito. Mali ya mafkudi hairithiwi mpaka kifo chake kithibiti au kadhi ahukumu. Mkewe, kwa kauli mpya ya Imamu Shafi, haolewi mpaka apate yakini ya kufa kwake au ya talaka; kwa kauli ya zamani atangoja miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Hebu fikiri mwanamke kijana, ana shamba la kulima peke yake na mtoto mgongoni, anangoja barua kutoka serikali iliyomchukua mumewe. Khabari yake haikuandikwa katika vitabu vya vita, naye alivipigana kwa miaka.

Na bahari ile ya Maldivi si ngeni kwetu. Ibn Battuta, baada ya kupita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuwa kadhi wa visiwa hivyo, miaka mia sita kabla ya msiba huu.

Waliozama hawana makaburi. Majina yao yamechorwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Aliye na babu au mjomba aliyetoka Kilindini Februari ile asirudi, na aende akasome ukuta ule, na achukue karatasi ya kunakilia jina.