Mamlaka ya mahakama nje ya mipaka

Mamlaka ya mahakama nje ya mipaka ni uwezo wa nchi kumshitaki mtu, hata akiwa mgeni, kwa kosa alilolitenda nje ya ardhi yake. Kwa kawaida kosa husikilizwa lilikotendeka. Nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, humfuata pia raia wao aliyekosea ugenini. Kumfikia mgeni kunahitaji sababu ya ziada: ama kosa limelenga usalama wa nchi inayoshitaki au raia wake, ama ni la aina inayohesabiwa kuwa uadui kwa mataifa yote. Uharamia wa baharini ni wa aina hii ya mwisho. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2010, ikakubali kwamba Wasomali waliokamatwa Ghuba ya Aden wangeweza kushitakiwa Mombasa.

Kwa Watanzania, mfano ulio karibu zaidi ni mlipuko wa Agosti 7, 1998 katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Watu 11 waliuawa, na hakuna Mmarekani miongoni mwao. Wengi hudhani kiwanja cha ubalozi ni ardhi ya nchi yenye ubalozi huo. Sivyo: Mkataba wa Vienna wa 1961 unakilinda kisiingiliwe, lakini kinabaki ardhi ya Tanzania. Marekani ilitumia sheria zinazolinda majengo na watumishi wake walio nje, ikawashitaki Watanzania wawili New York.

Wa kwanza, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, akakabidhiwa kwa Wamarekani upesi. Mei 28, 2001, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kumtoa bila kwanza kupata ahadi kuwa hatanyongwa wala kuuawa kwa njia nyingine kulivunja katiba. Uamuzi huo una uzito zaidi kuliko hukumu ya New York yenyewe, kwa kuwa unaonyesha kwamba uwezo wa kushitaki hauhalalishi kila njia ya kumfikisha mtu kizimbani. Huko New York, baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana juu ya adhabu ya kifo, akafungwa maisha.

Wa pili, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyekamatwa Pakistan mwaka 2004, alishikiliwa Guantánamo kabla ya kupelekwa New York 2009. Kati ya mashtaka zaidi ya 280 alitiwa hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu mali za Marekani. Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha.