Hofu ya maeneo yaliyofungwa hutibika, kuikimbia huikuza

MGONJWA ameandikiwa na daktari kipimo cha MRI ili chanzo cha maumivu ya mgongo wake kijulikane. Analazwa juu ya kitanda chembamba, lakini kitanda kinapoanza kuingia ndani ya mashine anapiga kelele akitaka kutolewa. Anarudi nyumbani bila kipimo, na maradhi yake yanabaki hayajulikani.

Hali hiyo si utoto wala mapepo, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Ni hofu ya maeneo yaliyofungwa, ambayo kitaalamu huitwa klostrofobia. Humpata mtu akiwa ndani ya lifti, ndege, basi lililosheheni abiria au chumba kisicho na dirisha.

Dalili zake ni moyo kwenda mbio, kutokwa jasho, kutetemeka, kifua kubana, kizunguzungu na kuhisi kwamba kifo kimekaribia. Wataalamu wa saikolojia huigawa katika sehemu mbili: hofu ya kukosa hewa na hofu ya kuzuiwa kutoka.

Huweza kuanza baada ya mtoto kufungiwa stoo kama adhabu, au mtu kukwama ndani ya lifti umeme unapokatika. Hata hivyo, wapo wasiokumbuka tukio lolote.

Kinachoikuza zaidi ni kukwepa. Anayepanda ngazi kila siku hadi ghorofa ya saba hupata nafuu ya muda, lakini akili yake haipati nafasi ya kujifunza kwamba lifti isingemdhuru.

Tiba yake hufuata njia ya kinyume. Daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 namna mgonjwa anavyoweza kuikabili hofu hatua kwa hatua huku mwili wake ukiwa umetulia. Mathalani, mwenye kuogopa lifti huanza kwa kusimama karibu nayo, kisha huingia mlango ukiwa wazi, hupanda ghorofa moja akiwa na ndugu, na mwishowe hupanda peke yake. Kila hatua hurudiwa hadi hofu ipungue.

Hofu inapopamba moto, mtu hushauriwa kupumua polepole. Kuhema haraka hupunguza kaboni dioksaidi katika damu, jambo linaloleta kizunguzungu na ganzi vidoleni. Aidha, lifti ina nafasi za kupitisha hewa. Aliyekwama abonyeze kengele na kusubiri, asilazimishe mlango.

Kwa anayekwenda kupimwa MRI, ni vema amweleze mhudumu mapema. Tundu la mashine nyingi lina upana wa sentimita 60 hadi 70 na liko wazi pande zote mbili, na mgonjwa hupewa kifaa cha kuita msaada. Kufumba macho kabla ya kuingia huwasaidia wengi. Ikibidi, daktari huweza kutoa dawa ya kutuliza, na aliyeitumia hapaswi kuendesha gari. Dawa hizo zisinunuliwe kiholela, kwani baadhi yake hujenga utegemezi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeona haya kuitaja hofu yake huweza kuukosa uchunguzi ambao ungeokoa maisha yake.