Kitepe cha Mkono Kilikotoka

[MUZIKI UNAINGIA, UNAPUNGUA]

MTANGAZAJI: Kitepe cha rangi tatu mnakijua, kile anachofungiwa mtoto mkono wa kushoto. Wiki hii mama mmoja ameniuliza: "Mbona mwanangu hapimwi kwa mzani? Au ni kwa sababu sisi ni wakimbizi?"

Kwetu Cibitoke, Bujumbura, nilipokuwa mdogo, tulivalishwa kaptula ya kamba tukatundikwa kwenye mzani kama mkungu wa ndizi. Mama anasema nilipiga mateke mpaka mshale ukakataa kutulia, muuguzi akaandika uzito wa kukisia!

Sasa fikirieni vitani. Vita vya Biafra, Nigeria, vilianza 1967, na njaa ikawashika watoto wengi. Mzani ni mzigo njiani. Umri nao, nani ana karatasi? Watu wa misaada wa Quaker wakatengeneza fimbo yenye alama za unene wa mkono. Mtoto anapimwa mkono, kisha anasimama kando ya fimbo. Akiipita kwa urefu alama ya mkono wake, basi amekonda kupita kiasi.

Kabla yao, Daktari Derrick Jelliffe, aliyefanya kazi Kampala, alikuwa ameeleza kipimo cha mkono katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha 1966. Mtoto mwenye afya, tangu mwaka 1 hadi 5, mkono wake hauongezeki unene sana. Ndiyo maana kipimo kimoja kinawafaa, hata tarehe ya kuzaliwa isipojulikana. Mwaka 1974 Adnan Shakir na David Morley wakaandika kuhusu kitepe cha rangi, hata asiyejua kusoma akaweza kupima.

Zamani nyekundu iliishia sentimita 11. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakaipandisha hadi 11.5. Nusu sentimita tu, lakini kuna watoto ambao zamani wangerudishwa nyumbani.

Mzani nao hudanganya. Mwenye kwashakoo huvimba kwa maji, uzito ukaonekana mzuri huku anadhoofika. Bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, taratibu, sekunde tatu. Shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya leo hii, hata kitepe kikisema kijani.

Yule mama? Kitepe cha mwanawe kilionyesha njano. Ameandikishwa kupata chakula cha nyongeza, na huko, mama, mzani upo.

[MUZIKI]