Muuza Skrubu wa Birmingham na Nyanda za Uasin Gishu

Hadi katikati ya karne ya 19, skrubu ya mbao ilikuwa na ncha butu. Seremala alitoboa tundu kwanza, ndipo ashike bisibisi. Wamarekani wakaja na mashine ya kutengeneza skrubu yenye ncha kali, inayojichimbia njia yenyewe. John Sutton Nettlefold, mwenye kiwanda mjini Birmingham, aliitaka hataza ya mashine hiyo kwa soko la Uingereza, ila mtaji ulimpungukia. Akamwendea shemeji yake Chamberlain, mfanyabiashara wa viatu jijini London. Mzee Chamberlain alitoa pauni 10,000, na mwaka 1854 akamtuma mwanawe Joseph, kijana wa miaka 18, akazichunge.

Joseph hakuwa fundi. Alishika vitabu vya hesabu na mauzo, na huko ndiko alikotisha. Washindani wadogo walinunuliwa. Waliokataa walibanwa kwa bei mpaka wakasalimu amri. Ikafika wakati theluthi mbili ya skrubu za chuma zilizotengenezwa Uingereza zilitoka kwa Nettlefold na Chamberlain. Mwaka 1874, akiwa na miaka 38, alitoka katika biashara akiwa tajiri.

Wakati huo alikwisha kuwa meya, na mji aliuendesha kama alivyoendesha kiwanda. Birmingham ilikuwa na kampuni mbili za gesi zilizoshindana kuchimbua barabara zilezile. Chamberlain alilishawishi baraza lizinunue zote mbili, na mwaka wa kwanza tu faida ikafika pauni 34,000. Kampuni ya maji ikafuata. Maji hakuyatakia faida: watu walikuwa wanakufa kwa kunywa maji ya visima vilivyochafuka, na kwake lilikuwa jambo la aibu uhai wa mji mzima kukaa mikononi mwa wenye hisa.

Halafu akageukia mitaa ya mabanda. Vichochoro vilibomolewa katikati ya mji ikapitishwa barabara pana, Corporation Street, yenye maduka ya fahari. Wasomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hawahitaji kuambiwa wapangaji walikwenda wapi. Walijisogeza mitaa ya jirani iliyokwisha kufurika, kwa kuwa nyumba za kuwafidia hazikujengwa za kutosha.

Bungeni aliingia mwaka 1876. Akaleta mtindo wake: miwani ya jicho moja na ua la okidi kifuani, maua aliyoyaotesha mwenyewe nyumbani kwake Highbury. Mwaka 1886 alikipa kisogo chama chake cha Kiliberali kwa kupinga Ireland kupewa bunge lake. Mwaka 1895 Lord Salisbury alipounda serikali, Chamberlain angeweza kudai wizara kubwa kuliko ile aliyoichagua, Wizara ya Makoloni, ambayo wanasiasa wengi waliiona ya pembeni. Yeye aliyaona makoloni kama shamba lisiloendelezwa: tia mtaji, jenga reli, vuna. Hata Shule ya Tiba ya Magonjwa ya Tropiki ya London, aliyoipigania hadi ikafunguliwa mwaka 1899, ilikuwa na hesabu ndani yake, maana malaria ilikuwa inawamaliza maofisa.

Mwaka huohuo wa 1899 vikazuka vita vya Makaburu, ambavyo wengi Uingereza waliviita vita vyake. Mashamba yalichomwa, na maelfu ya wanawake na watoto, Makaburu kwa Waafrika, wakafia kambini.

Desemba 1902, akielekea Afrika Kusini kuona mabaki ya vita hivyo, alishuka Mombasa na kupanda reli mpya ya Uganda. Alitazama nyanda za juu dirishani, akaona hali ya hewa inayowafaa Wazungu na ardhi aliyoidhani haina mwenyewe. Miezi michache baadaye, Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alipomjia kutafuta mahali pa kuwahifadhi Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi, Chamberlain alikumbuka safari ile. Serikali ikapendekeza eneo la Uasin Gishu. Historia inauita Mpango wa Uganda, ingawa mwaka 1902 eneo hilo lilikwisha kuhamishiwa upande ambao leo ni Kenya.

Walowezi wa Kizungu, Lord Delamere akiwa mstari wa mbele, walipinga kwa kelele. Kongamano la Wazayuni la mwaka 1903 mjini Basel liligawanyika vibaya, likatuma wachunguzi watatu, na mwaka 1905 likaikataa ardhi hiyo. Wanandi na Wamaasai, ambao mifugo yao ililishwa huko, hawakuulizwa na upande wowote. Mwaka huohuo wa 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na ofisa wa Kiingereza katika mkutano ulioitwa wa amani.

Chamberlain hakuwapo wizarani. Alijiuzulu Septemba 1903 ili apiganie ushuru wa kulinda viwanda vya himaya, na mwaka 1906 kiharusi kikamwondoa majukwaani. Alifariki Julai 1914. Nyanda zile zikapata walowezi wengine mwaka 1908, waliofika na magari ya kukokotwa na maksai: Makaburu kutoka Afrika Kusini.