Ujuzi Hauzeeki, Lakini Hufa

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Mpenzi msomaji, usemi huo ni wa kweli; hata hivyo, historia ya Wabajuni inatufunza jambo la pili: ujuzi usiorithishwa hufa.

Fuma ni miongoni mwa visiwa vilivyojipanga kati ya Kismayu na Ras Kamboni, kusini mwa Somalia. Jirani zake ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wabajuni, wenyeji wa visiwa hivyo, huzungumza lahaja ya Kiswahili iitwayo Kitikuu au Kibajuni. Kwao ajira ilikuwa bahari, na chuo cha ufundi kilikuwa chombo chenyewe. Mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi, alianza kwa kufua maji chomboni na kutazama wakubwa. Mikono ilifuata macho.

Zingatia uvuvi wa kasa. Mvuvi alifunga kamba mkiani mwa chazo, samaki mwenye kigandio kichwani, akamwachia karibu na kasa. Chazo aliganda kwenye gamba, nao wavuvi wakavuta kamba. Kujua wakati wa kumwachia na nguvu ya kuvuta hakukuandikwa kitabuni. Mwalimu alikuwa baba au mjomba.

Wabajuni walisifika pia kwa mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Soko lilipopendelea vyombo vya misumari, vijana hawakuona faida ya kujifunza kushona. Kufikia katikati ya karne ya 20, mitepe ilikuwa imetoweka. Leo tunaijua kwa picha, maandishi na mifano midogo iliyomo katika makumbusho.

Pigo jingine lilikuwa vita. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, baadhi yao wakaishi katika kambi za wakimbizi Mombasa. Kijana aliyejua pepo, miamba na maji ya kwao alifika ugenini akiwa na ujuzi, lakini hana cheti. Mbele ya mwajiri asiyemfahamu, alihesabiwa kuwa hajui kitu.

Basi, mafunzo ya kazi yanahitaji nguzo mbili: soko linalothamini ujuzi, na taasisi inayoushuhudia. Nchini Tanzania, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya chuo na kuwapa vyeti. Hatua hiyo haichukui nafasi ya baba na mjomba. Humwezesha mwanagenzi wao kuaminiwa mbali na nyumbani.

Mwanafunzi, nenda kwa fundi mmoja wa mtaani kwenu. Muulize alifunzwa na nani, naye anamfunza nani. Akikosa jibu la swali la pili, tafakari: ni nani atakayeifanya kazi hiyo kesho?