Akaunti ya Msimamizi katika Windows

Akaunti ya msimamizi ni akaunti iliyozaliwa pamoja na Windows, na ndiyo yenye mamlaka makubwa kuliko zote ambazo mtu anaweza kuingia nazo: kusakinisha programu, kufuta mafaili ya watumiaji wengine, kubadili mipangilio ya mfumo mzima. Hata hivyo, anayenunua kompyuta mpya haioni. Imezimwa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, watu wengi walishinda ndani ya akaunti zenye mamlaka kamili, hata kama kazi yenyewe ilikuwa kuandika barua tu. Kirusi kikipenya, kilipata uwezo ule ule wa mwenye kompyuta. Windows Vista ilipoingia madukani Januari 2007, akaunti ya asili ilifungwa, na likaja lile dirisha la ruhusa linalotia skrini giza likisubiri mtu akubali au akatae. Liliwachosha watu kwelikweli, hadi Windows 7 ya mwaka 2009 ikalipunguzia usumbufu.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Akaunti ya kwanza kufunguliwa kwenye kompyuta mpya nayo imo katika kundi la wasimamizi, ila hufanya kazi kwa uwezo wa kawaida mpaka mwenyewe aidhinishe. Ile ya asili, kwa kawaida, haiulizwi chochote. Kwa hiyo mwenye kompyuta yake nyumbani ni nadra kuihitaji. Fundi huikimbilia pale akaunti nyingine inapogoma kufunguka.

Kuiwasha ni kazi ya dakika moja. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya jina la programu hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi, kisha ukubali. Katika dirisha jeusi litakalofunguka, andika:

net user administrator /active:yes

Bonyeza Enter. Kabla ya mkwaju pana nafasi. Baada yake hapana, na kosa dogo hilo limewakwamisha wengi. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo msomaji wa Kongo au Burundi anaweza kukutana nayo, jina ni Administrateur, na amri yenye jina la Kiingereza hukataliwa.

Ukitoka kwenye akaunti yako, jina jipya litaonekana kwenye ukurasa wa kuingilia. Mara nyingi halina nenosiri, hivyo liwekee mapema. Kubadili jina pekee si kinga: namba ya utambulisho ya akaunti hii huishia na 500 kwenye kila kompyuta ya Windows, na wadukuzi wanalijua hilo.

Kazi ikiisha, rudia amri ile ile, ila mahali pa yes uandike no.