Kizimba cha Chuma
Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, madereva walishindana kwa magari ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani. Gari likibiringika na paa kubonyea, hapakuwa na cha kumkinga mtu. Baadaye kikaja kizimba cha mabomba ya chuma. Kanuni za FIA hutaka upinde wake mkuu, ulio nyuma ya viti, uwe na kipenyo cha angalau milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Lakini unene peke yake hautoshi. Hapa Ugalla namtazama fundi wa kenchi: mbao nne za mraba huyumba, akipigilia ya tano mshazari, zinatulia. Elimu hiyohiyo ndiyo humrudisha dereva nyumbani.